Simu kutoka Kibosho

Huku Mabogini jua linawaka, mbuzi wanakohoa vumbi,
na simu inalia: wifi yangu Aikande, sauti imelowa.
"Imenyesha huku tangu saa nane. Karanga imegeuka rangi.
Una saa mbili, au pungufu."

Mwaka juzi hakuna aliyepiga.
Nililala na kitalu nyumba, nikaamka na mabomba.
Nailoni niliikuta Chekereni, imejitundika mgombani
kama shela la bibi harusi aliyeghairi.
Hoho zilikuwa ndiyo kwanza zimeshika wekundu.
Mkopo wa kikoba haukusombwa. Kila Jumamosi
ulikuja kukaa sebuleni na daftari lake.

Safari hii nimeinua sakafu mpaka magotini,
nimeshindilia viroba vya mchanga,
na upande wa mlimani nimepanda majani ya tembo, mistari mitatu,
si ya kuzuia (nani azuie mlima?), ya kupunguza hasira tu.

Mtaro nao niliuchimba mwenyewe, wiki nzima,
nikaringa. Mpaka Ndetaramo aliposimama ukingoni,
jembe begani, asiseme neno,
akanyoosha kidole kuelekea unakoishia:
maharage yake.

Kumbe mtaro wangu ukinywa, unatapika kwa jirani.

Asubuhi nilimkuta ameshaanza.
Tukauendeleza, yeye huku, mimi kule, mita themanini,
mpaka kwenye mfongo wa zamani walioupiga babu zake
na sisi tukawa tunautupia makopo.

Sasa imebaki saa moja.
Nakunja kuta za nailoni, nazifunga juu kwa kamba ya katani,
pande zote nne wazi. Fundi alinicheka:
nyumba gani inamfungulia mwizi mlango?
Mwizi huyu, fundi, ukimfungia anaondoka na nyumba.

Pampu ipo juu ya paa la choo.
Trei za miche zimelala kitandani kwangu.
Ndetaramo anapiga mluzi kutoka mtaroni.
Nasikia kabla sijaona:
lori linamwaga mchanga, halimalizi.

Yanaingia, ya kahawia, yamebeba magome na ndala moja,
yanapita kati ya nyanya
kwa adabu ya mgeni mwenye haraka.

Sijui kama yatazidi.
Simu inalia tena. "Huku imeanza upya," anasema Aikande.
"Huko je?"
Natazama juu.
"Jua," namwambia. "Jua kali."