Nukta na Mstari

Kazija, usilie mbele ya mizani.
Ndoano yake ina kutu, mwanao karusha mateke,
kashika kamba, kanikojolea,
nami nikasoma kilo saba na nukta mbili
kwa macho yaliyoamka saa tisa za usiku.
Mwezi jana ilikuwa saba na nusu. Ndiyo, kapungua.
Juzi kaharisha, umesema mwenyewe.
Nipe kadi.

Hii nukta ya leo.
Haina mdomo, haina pa kwenda,
tone la wino tu kwenye karatasi
iliyonywa mafuta ya nazi ya viganja vyako.
Sasa rudi nyuma kwa kidole: Julai, Juni, Mei,
mpaka Januari, alipokuwa mwepesi kama boflo mbili.
Mstari unapanda, unapumzika, unapanda,
kama njia zetu za huku Pemba:
ukiteremkia bonde la mpunga hujapotea,
kilima kiko mbele.

Aliyenitia hofu leo si wako.
Ni yule wa Mgeni, mwenye mashavu ya andazi,
mliyekuwa mkipokezana kwenye benchi,
mashaallah, mashaallah.
Kilo tisa. Nzuri, ukiiona peke yake.
Lakini tisa ya Mei, tisa ya Juni,
tisa ya Julai, na leo tisa.
Nimemwandikia barua ya kwenda Wete.
Mama yake kaninunia: mtoto mnene huyu?

Mimi pia sikuzaliwa na kidole hiki.
Mwaka wangu wa pili hapa Konde
alinifia mtoto mikononi, kabla ya adhuhuri.
Makame, wa Bwana Shaame wa kiwanda cha chokaa.
Asubuhi alilishwa uji wa muhogo.
Hilo ndilo nililoliona, nikalala nalo, nikaamka nalo.
Miaka sita nikawakataza wanawake muhogo,
wa hapa, wa Tumbe, wa Makangale,
nikiapa kwa macho yangu mawili.
Na macho mawili, Kazija, ni shahidi wa siku moja.
Wakanitii.
Wasio na pesa ya unga
wakawapa watoto chai ya rangi.

Ikaja siku ya mvua, hakuna aliyefika.
Nikateremsha madaftari ya miaka ya nyuma,
mende wameshakula pembe,
nikamimina choroko mezani, punje kwa kila mtoto:
huku waliolishwa muhogo, huku wasiolishwa.
Nilitaka kuona makaburi upande mmoja.
Sikuyaona. Wa muhogo walikua kama wenzao.
Waliozama ni wa chai,
na chai ile niliipika mimi kwa ulimi wangu.

Nikaona na jingine, ambalo sikulitafuta.
Kila msimu wa karafuu
mistari ya Konde nzima huinama pamoja,
kama iliyovutwa kwa uzi mmoja.
Mama yuko mtini tangu alfajiri,
usiku anachambua mpaka vidole vinanuka usingizini,
mtoto kaachiwa dadake wa miaka saba.
Na mimi, mmoja mmoja, mwaka hata mwaka,
nilikuwa nikiwaita wavivu.

Makame sikumtoa kwenye hesabu. Yumo.
Ni punje moja, na mpaka leo
siiokoti bila mkono kutetemeka.
Ila nimeirudisha kwa wenzake.

Haya, futa machozi, umvalishe.
Mnyonyeshe kila akitaka, hata ukiwa na pakacha begani.
Rudi tarehe ishirini.
Kadi usiikunje, usiifungie visheti.

Muhogo?
Mpikie, mwanangu. Uive vizuri.