Kitako cha Sahani

Usinisomee ua kwanza. Geuza.
Sahani, kama mgeni, husema mengi usoni;
ya kweli huyaficha pale inapokalia.

Bibi aliitundika juu ya mlango wa uani, Mikindani,
kwa misumari mitatu na kamba ya katani,
na kila aliyepita aliambiwa: hii ya Uchina,
ilifika Kilwa na babu wa babu yangu, Mshirazi.
Nani angebisha, na ubwabwa wake bado uko jikoni?

Leo arubaini. Mirathi.
Mjomba Mfaume anataka bei. Mama mdogo Sikudhani anataka sahani.
Mimi nimeitwa kwa kuwa miaka miwili
niliosha vigae kwa mswaki, stoo ya makumbusho.

Nimefuta masizi kwa pamba na mate.
Tawi la msonobari, mianzi, korongo wawili,
buluu iliyokoza hadi karibu ya weusi,
wekundu wa kutu, dhahabu iliyochakaa
pale vidole vilipozoea kushika.
Ukingoni, ua la petali kumi na sita. Nimehesabu mara mbili.

Nageuza.
Maandishi sita ya Kichina, safu mbili:
enzi ya mfalme aliyekufa
kabla udongo huu haujachimbwa.
"Si unaona?" asema mjomba. "China hiyo."

Naona. Naona pia, ndani ya duara,
makovu matano kama punje za mtama,
sahani iliposimama tanuruni juu ya vijiti vya udongo
isibonyee kwa moto.
Hiyo haikuwa desturi ya Uchina.
Ni mkono wa Mjapani, aliyeandika jina la jirani
kwa kuwa sokoni jina la jirani lilikuwa na bei.

Siku ile ya kumwosha nilishika kata.
Bi Somoe Mnali akaelekeza, tukamlaza ubavu wa kushoto,
na mgongoni, palipofunikwa na kanga miaka themanini,
nikaziona: nembo za Kimakonde, safu kwa safu,
zimechanjwa, zimetiwa mkaa,
na fundi aliyejua kazi, ng'ambo ya Ruvuma.
Bi Somoe akamwaga maji. Akaomba sabuni.

"Haya, ya wapi?"
Kalamu ya mjomba i juu ya karatasi.
Sahani iko mapajani mwangu, kifudifudi,
na Sikudhani ananitazama,
Sikudhani, aliyeshika ndoo.

Andika, nasema: sahani moja kubwa,
ufa mdogo ukingoni.
Asili, acha nafasi.