Jero za Aminieli

Sarafu hazinuki, ulisema,
ni mikono yetu inayonuka.
Ndipo ukaja na glavu za hospitali, jozi mbili,
na kitambaa cha kufutia miwani,
ukaketi kitandani kama daktari wa meno
ukizigeuza jero moja moja chini ya taa:
hii ina mkwaruzo, irudi sokoni;
hii ni bikira, nyati wake hajaguswa pua,
iandikie mwaka.

Uliziviringisha kwa karatasi za daftari la Ndekirwa,
hesabu za darasa la nne zikitazama ndani,
ishirini ishirini, ukafunga kwa uzi,
ukazipanga kwenye kopo la maziwa ya unga,
na kopo ukalisukuma chini ya kitanda, upande wangu,
kwa sababu upande wako kuna panya.
Panya wanakula chuma, Aminieli?

Miaka thelathini, ukasema.
Watazitafuta kwa tochi.
Mtu atapanda ndege mpaka Moshi kwa ajili ya moja tu.
Nikachukua umri wangu, nikajumlisha thelathini,
nikamwona kikongwe anauza sarafu
asizoweza kuzisoma.

Akiba haiozi. Sawa.
Lakini mimi nipo gengeni Pasua tangu saa kumi na mbili,
vitunguu, dagaa, nyanya za fungu,
matope ya Aprili yakinipanda kwenye kanga,
na kila mteja ana noti ya elfu kumi
na mdomo wa nirudishie.
Chenji sina.
Nilitoa pipi. Zikaisha pipi, nikatoa viberiti.
Mpaka Jumanne moja Bi Hadija wa bati jekundu
akaja na viberiti saba, vyote vyangu,
akavipanga juu ya meza kama matofali:
leo nanunua kwa hela yako mwenyewe.
Watu walicheka hadi kwa fundi baiskeli.
Mimi sikucheka.
Nilijua chenji ya Pasua nzima imelala wapi.

Basi nakwambia, na usiinuke kwanza.
Usiku ule nilifungua uzi.
Nilitoa tano, nikarudisha tano za mauzo.
Kesho yake kumi.
Fundo lako la mkono wa kushoto nimelifunga vilevile,
nimelijua kama ninavyokijua kikohozi chako.
Kopo halijapungua uzito hata siku moja,
hesabu ni kamili, naapa. Sikuiba.
Nilibadilisha.

Mabikira wako wote wameolewa.
Wamekwenda Kiboriloni kugombania mitumba,
wamelala kwenye kapu la sadaka,
mmoja aliangukia mtaroni pale stendi
akaokotwa na mtu mwenye njaa
akawa andazi na chai.

Jana mtoto wa Mama Elinaike alitumwa chumvi.
Akafungua ngumi: jero, imelowa jasho.
Nikaiinamisha juani kama ulivyonifundisha,
namba ikachomoza, ikajificha.
Mwaka ule ule.
Nyati ana kovu puani, na pembe moja imesagika.
Sijui nini kilinishika. Nilitaka kuiweka.
Niliikodolea macho mpaka mtoto akaogopa:
kwani si pesa?
Ni pesa, nikamwambia.
Nikampa chumvi na mia mbili yake,
simba kiganjani, akakimbia,
na jero nikaitia kwenye mkebe pamoja na wenzake
na kabla ya saa nne sikuijua tena ni ipi.

Sasa umevaa glavu.
Umeweka kopo magotini, umekata uzi wa kwanza,
na mimi hapa mlangoni na sufuria mkononi
najifanya natafuta mwiko.
Umeinua moja hadi kwenye taa.
Umeishusha.
Umeisogeza puani.

Ndiyo, Aminieli.
Ni dagaa.