Alama ya Kalamu

Hakulalamika. Aliuning'iniza mguu wa kulia
kando ya kitanda, usiku kucha,
kama mtu apimaye kina cha maji gizani,
na asubuhi akaniuliza: "Umelala salama?"

Kutoka mlangoni hadi duka la Candiru
alisimama mara tatu, akijifanya
anakagua mabati ya watu.
Tulidhani ni uzee.
Dole gumba likawa jeusi kama kitako cha chungu.

Tumbaku ya mama yake, iliyokaushwa kwa moshi huko Terego,
ndiyo iliyonunua cherehani;
cherehani ikanilipia karo.
Iliyobaki akaivuta, miaka arobaini.
Siwezi kuilaani. Nimesomeshwa nayo.

Basi la Kampala lilivuka Pakwach usiku.
Mguu ulikuwa na kiti chake, na nauli yake.

Mulago, Daktari Nakibuule akapitisha kidude juu ya ngozi,
tukasikia sote:
pajani, fwu, fwu, fwu;
chini ya goti, redio iliyokosa stesheni.
"Ateri imeziba, kuanzia hapa mpaka hapa.
Tutachukua mshipa wake mwenyewe, wa juujuu,
tuugeuze, maana una vilango vya upande mmoja,
tuushone huku na huku, damu izunguke kizuizi."
Baba aliuliza swali moja tu:
"Uzi gani?"
"Mwembamba kuliko unywele."
Akaguna. "Cherehani yangu ingeukata."

Nilitia saini karatasi mbili:
ya kuuokoa, na ya kuukata.
Saa sita nzima benchini
na kiatu kimoja mapajani.

Alipozinduka akafunua shuka, akahesabu mishono.
"Thelathini na mmoja. Wa tisa umekwenda upande."
Kisha, kwa huruma ya fundi mkuu:
"Ni kijana. Atajifunza."
Dole gumba tuliliacha huko huko.

Usiku nesi akachora msalaba wa wino wa bluu
juu ya mgongo wa wayo.
"Usiuoshe. Kila saa weka kidole hapa."
Nikaweka, nikapaza sauti: "Unapiga! Unapiga!"
"Huo ni wako," akasema. "Umebonyeza mno.
Legeza. Ngoja."

Nikalegeza.
Wangu ukaenda zake, mbio mbio.
Nikangoja, taa ikizizima,
mpaka ukaja mwingine chini ya wino,
wa polepole,
usio wangu.