Kilo Moja ya Moshi

Kabla Wandeba hajafungua duka lake la vipuri,
kabla ukungu haujabanduka kwenye majabali ya Wanale,
mimi nimeshapima: kilo sita mbichi,
rangi ya nyasi iliyosahauliwa juani,
harufu ya gunia na mvua ya Buginyanya.

Chombo changu ni pipa la mafuta.
Lilichomelewa Namatala, likatiwa mhimili,
likavishwa mnyororo wa baiskeli
na mota iliyostaafu kwenye kinu cha mahindi.
Kipimajoto halina.
Kipimajoto ni sikio langu la kushoto;
la kulia lilikwenda na surua utotoni.

Dakika ya nane, majani makavu.
Ya kumi, mkate.
Halafu kimya, na hapo usinisemeshe,
hata kama ni afisa wa mkopo mlangoni,
faili kwapani.
Tak.
Tak, tak. Kuku anadonoa bati.
Nahesabu hadi mia na ishirini, nafungua, namimina,
napepeta kwa ungo, makapi yanaruka
yakatue kwenye magauni ya harusi
anayoshona jirani yangu Khalayi.
Mwaka mzima analalamika.
Bibi harusi mmoja, asema, alinukia kahawa hadi madhabahuni.
Bwana harusi hajaleta malalamiko.

Jumanne umeme ulikatika kwenye tak ya kwanza.
Nikashika mpini, nikazungusha kwa mkono,
bega na pipa vikilia sauti moja,
mwanangu Wekoye akinihesabia,
akaruka toka sabini na tisa hadi tisini.
Ile niliiandika "Kali" kwenye pakiti.
Mafundi wa gereji wameulizia nyingine.

Jana Nabukwasi aliteremka na gunia,
udongo wa mlimani hadi magotini.
Miaka thelathini anachuma, hajawahi kuinywa.
Nikampa kikombe. Akameza funda moja, akakunja uso
kama aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine.
"Hiki ndicho mnachowauzia watu?
Mwanangu, huna chai?"
Nikamchemshia. Maziwa tele, sukari vijiko vinne.

Akakaa anaitazama mizani.
"Nilikuuzia sita. Hapa naona tano.
Moja umeila?"
"Imepanda," nikasema. "Ilikuwa maji. Ilikuwa makapi.
Nyingine ile pale," nikamwonyesha dirisha,
moshi unavyojikokota juu ya mabati
kuelekea mlimani, kama mtu anayerudi kwao.
Akanusa.
Akaweka chai chini, akanusa tena.
"Kumbe hiyo," akasema,
"ndiyo uliyopaswa kunitilia kikombeni."

Leo nimepima sita nyingine.
Daftari la mkopo lina safu ya riba,
safu ya faini, safu ya sahihi.
Ya moshi halina.
Nimeichora mwenyewe pembeni, kwa penseli.