Majivu ya Numbu

Uyole, Jumatatu, saa mbili kasorobo.
Baridi imelala kwenye vioo vya maabara.
Mezani pangu mfuko wa salfeti,
kilo mbili za numbu, udongo ungali kwenye vifundo,
na karatasi ya daftari, mwandiko wa haraka:
Zimetoka Tandala, ukingoni mwa shamba la Tweve.
Hazikupandwa.

Hazikupandwa!
Nacheka hadi Lugano anainua macho kwenye mizani.

Ukingo huo naujua kwa magoti.
Hapo bibi Onolina alinifundisha kupapasa shina,
shina la pembe nne, kama mguu wa meza.
"Likiwa la mviringo liache, si ndugu yetu."
Hapo alichimba, akavunja kichwa cha kila numbu,
akakirudisha shimoni, akakifukia kwa kisigino
polepole,
kama anayeufunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.
Nani basi kasema hazikupandwa?

Mwaka wa sakitu viazi mviringo viliamka vyeusi
kutoka barabarani mpaka mtoni.
Baba alisimama kati ya matuta, kofia mkononi, kama msibani.
Mahindi yakawa ya wenye mahindi.
Tulikula numbu asubuhi, tukala numbu usiku,
za kuchemsha, za kuchoma,
na siku ambayo chumvi iliisha tukala vilevile.
Shuleni nilizificha ndani ya sweta,
maana Tuzo wa dukani alikuja na mkate,
na harufu ya numbu haijui kunong'ona.
Wakaniita Numbu.
Mpaka darasa la saba: Numbu, futa ubao.
Hakuna aliyeona kuwa mwaka ule
Numbu hakuanguka hata mara moja mstarini.

Sasa nafanya nilivyofundishwa chuoni.
Osha, menya, kata, kausha, saga.
Pima gramu mbili kwenye kikombe cha kauri,
tia tanuruni, uache moto ule
kila kinachokubali kuliwa na moto.
Kinachobaki, kijivu, chepesi kuliko kope,
ndimo tunamotafuta chuma na chokaa na zinki,
madeni ambayo damu haisamehi.

Bibi alizichokoa numbu jivuni,
akapuliza majivu, akanipa numbu.
Mimi nachoma numbu, natunza majivu,
na nikipiga chafya tu, utafiti umekwenda Mbalizi.
Sijui kati yetu nani alisoma zaidi.

Fomu inauliza unyevu, protini, madini.
Inauliza asili: shamba au pori?
Kalamu inasimama.
Hakuna kisanduku cha kisigino.
Nimeandika pembeni, kwa herufi ndogo,
zilifukiwa na mtu,
na Dokta Mwaisumbe bila shaka ataizungushia wino mwekundu.

Tarakimu zitatoka Alhamisi.
Zikiwa kubwa, watu wa semina watapiga makofi
na kuniuliza mbona hatukuambiwa.
Zikiwa ndogo,
nitautazama urefu wangu kwenye kioo cha choo
na kuendelea na kazi.

Saa kumi natoka na vichwa kumi na kimoja
katika mfuko wa koti jeupe.
Nyuma ya bomba, ardhi ni laini.
Nachimba kwa kijiko cha maabara, narudisha udongo,
nakanyaga kidogo.
Lugano yuko dirishani: "Wewe! Unazika nini?"

Shh, nimemwambia,
utawaamsha.