Keki Isiyo na Maandishi

Daktari Vadász aliandika namba kwenye karatasi,
kilo tisa, akaizungushia duara mara mbili
kana kwamba ningeidondosha njiani.
Nikaenda moja kwa moja dukani. Szeged, mwezi wa Februari,
theluji imegeuka tope la kijivu kando ya reli za tramu,
nikajaza kikapu kila kilichoanza na neno bila.

Bila sukari. Bila mafuta. Bila hatia:
hilo la mwisho lilikuwa kwenye pakiti ya biskuti
yenye picha ya mwanamke anayeruka juu ya majani,
kiuno chake kama shingo ya chupa.
Nikamwamini. Nani asiyemwamini mtu anayeruka?

Mtindi mwepesi una ladha ya stroberi iliyosimuliwa kwa simu.
Jibini la asilimia tatu haliyeyuki juu ya mkate,
linatoka jasho tu, kama mshtakiwa.
Aiskrimu ya protini nililamba, nikameza,
ulimi ukabaki umekaa, unasubiri wengine waje.

Na zile biskuti!
Nilikula mbili, kama pakiti ilivyoruhusu.
Mbili zikaita mbili. Nikala nne kwa kuwa ni nyepesi,
sita kwa kuwa nne ni nyepesi,
na saa tano usiku, taa ya jokofu usoni,
nilikuwa nakung'utia makombo mdomoni,
tumbo limejaa, mwenye tumbo ana njaa.
Jumatatu mizani ikanisomea: gramu mia sita, za kuongezeka.
Mizani haina adabu, ila uongo haijui.

Emőke, dereva mwenzangu wa zamu ya alfajiri,
alinitazama nikitafuna duara la mchele uliopulizwa.
"Hajnalka," akasema, "unakula boksi lenyewe?"

Jumamosi akanivuta mkono hadi kwa mama Csonka,
meza nne, pazia la manjano, kahawa inanung'unika.
Dobosi ilikuwa nyuma ya kioo:
matabaka sita, kati yake siagi na chokoleti,
juu karameli ngumu, inayong'aa kama paa lenye mvua.
Haikuandikwa neno hata moja.
Haikuniahidi kiuno.
Kizuri chajiuza; vya kwangu kule nyumbani
vilikuwa vimejitembeza hadi soli zimeisha.

Niliogopa, nakiri. Mchovya asali
hachovyi mara moja, na mimi najijua mkono wangu.
Lakini uma ukagonga karameli, ta!
mpaka mzee wa meza ya pembeni akageuka,
na nikala kama mtu anayesoma barua,
mstari, kisha kimya, kisha mstari.
Emőke alikuwa akinieleza habari za mwanawe aliyehamia Debrecen,
asiyepiga simu ila akiishiwa,
nami nilimsikia. Kwa wiki tatu sikuwa nimemsikiliza mtu,
nilikuwa nahesabu.

Ikabaki pembe moja kwenye sahani
ndipo likaja neno nililolisahau: yatosha.
Halikuletwa na daktari. Lilikuja lenyewe,
limevaa kandambili.
Ile pembe Emőke aliila bila kuomba.

Msidhani nimepona.
Jumanne nilinunua chokoleti ndefu kama rula
nikaimaliza kituo cha mwisho, kabla ya kugeuza tramu,
mgongo kwa abiria, haraka, kama mwizi.
Ilikuwa chokoleti halisi, ya bei.
Haikuwa tamu.

Sasa ni Mei. Kilo mbili zimeondoka, hazikuaga.
Zimebaki saba, tunaishi nazo,
na Jumamosi zinajua njia ya kwa mama Csonka.
Biskuti zisizo na hatia zilibaki pakiti moja.
Nimeikunja mara nne, nikaisokomeza chini ya mguu mfupi
wa meza ya jikoni.
Mwanamke bado anaruka humo ndani, kichwa chini.
Meza haitikisiki tena.